Pima Mbili Mbele ya Pande

Jumatatu ya tarehe tisa mwezi wa pili, baada ya sala ya Alasiri, tulimzika Nahodha Bakari kijijini kwao Pande. Nimempoteza mtu aliyenifundisha kazi yangu yote. Nimepoteza pia nafasi ya kumwambia jambo ambalo nilikaa nalo miaka ishirini na mmoja, kila Idi nikilipeleka nyumbani kwake na kurudi nalo.

Vijana wa boti ya Chaza mnanijua. Nilistaafu mwishoni mwa mwaka jana, mkanipa saa ya ukutani, zawadi nzuri kwa mtu asiye na pa kuwahi tena. Siku ile Rehema, ambaye sasa ndiye serahangi wenu, msimamizi wa mabaharia, aliniuliza mbele ya watu, "Mzee Hamisi, ile misumari miwili ya shaba kwenye sitaha ya Chaza ilikuwa ya nini? Maana mimi kila nikipita najikwaa." Mkacheka. Nilijibu kwamba ni habari ndefu, nikachukua biskuti nyingine. Wala si ndefu. Niliogopa kuisema. Sasa naiandika, na nitaanza mwanzoni. Mishahara na vyeo sitavitaja, hivyo vimo kwenye majalada ya ofisi na panya wameshaanza kuvisoma.

Mimi ni mtoto wa mkulima wa Miteja. Niliishia darasa la saba. Nilikuja Kilwa Masoko kwa sababu nilisikia kwamba serikali inatafuta vibarua wa kupaka rangi maboya, yale madubwana ya chuma yanayoelea kuonyesha njia ya vyombo. Nilidhani kazi yenyewe ni ya nchi kavu. Niliwakuta wamepanga maboya matatu ufukweni, na kati yao amesimama mtu mrefu mwembamba, kofia ya kufuma kichwani, anakwaruza kutu kwa kisu.

"Shikamoo."

"Marahaba. Unajua kuogelea?"

"Sijui."

"Vizuri," akasema. "Anayejua kuogelea hujiona ana pa kukimbilia. Wewe utaitunza boti. Watoka wapi?"

"Miteja."

"Basi Miteja, shika brashi."

Toka siku hiyo hakuniita Hamisi. Niliitwa Miteja mpaka anaondoka kwenye boti, na hata baada ya hapo.

Kazi yetu mnaijua, maana ndiyo hiyohiyo mnayoifanya. Tulitoka Masoko kwenda kaskazini na kusini hadi Lindi, tukikagua taa na maboya, tukibadilisha minyororo iliyolika, tukirudisha boya lililosogezwa na mawimbi. Tofauti ni vyombo. Nyinyi mna kioo kinachoonyesha kina cha maji kwa tarakimu. Sisi tulikuwa na bildi. Safari yangu ya kwanza nilitapika toka Masoko hadi Lindi. Fundi mashine akawa anapiga kelele kwamba mihogo ya Miteja inarudi kwao. Nahodha Bakari hakucheka wala hakunipa pole. Aliniambia nikashike bildi, kwa kuwa mtu anayeangalia kamba hapati muda wa kuangalia tumbo lake. Ni kweli. Nimewapa dawa hiyo vibarua wengi baadaye na wachache tu ndio walionitapikia miguuni.

Kwa wale ambao hamkuwahi kuitumia: bildi ni kipande cha risasi kizito, kirefu kama mkono wa mtoto, kimefungwa kwenye kamba yenye alama. Pima ya kwanza tulifunga ngozi moja, pima ya pili ngozi mbili, ya tatu kitambaa chekundu, na kuendelea. Mpiga bildi husimama ubavuni karibu na omo, yaani pua ya boti, anaizungusha, anairusha mbele ya boti, na boti ikifika juu yake, kamba ikasimama wima, anasoma alama iliyo usawa wa maji na kuiita kwa sauti. Nahodha lazima airudie. "Tatuu!" "Tatu." Asipoirudia, unaita tena hadi airudie. Nahodha Bakari hata mara moja hakuacha kurudia, hata akiwa na hasira na mimi, hata akiwa na chakula mdomoni.

Chini ya ile risasi pana kishimo, tulikijaza grisi ili bildi ipande na punje za mchanga au tope la chini. Nahodha alizitazama, akazisugua kwa vidole, mara nyingine akaziweka ulimini. Akasema, "Hapa tupo nje ya Lindi, tope la mto." Nilipoanza kuzoea akaniuliza kama na mimi ninaonja. Nikamwambia naonja. Sikuwahi kuonja hata siku moja. Huo ulikuwa uongo mdogo, nautaja kwa sababu nimeamua kutaja yote.

Ndani ya chumba cha usukani palikuwa na ramani ya bahari iliyokwishageuka rangi ya chai. Iliandikwa kwamba maji yale yalipimwa na ofisa mmoja wa manowari, zamani za mababu wa babu zetu. Fundi mashine alisema alikuwa Mwingereza, Nahodha alisema alisikia ni Mmarekani, na jina lenyewe lilikuwa limeliwa na mende, kwa hiyo hakuna aliyeshinda. Nahodha alimpenda sana ofisa yule. Alikuwa akiweka kidole juu ya tarakimu moja na kusema, "Mtu alisimama hapa, Miteja. Jua hilihili. Ana bildi kama yako. Akaita tano, na mwenzake akaandika tano, na leo tunakwenda kwa neno lake." Alijua mambo ya maofisa wa zamani kwa kusimuliwa na nahodha aliyemfundisha yeye. Alisema kwa watu wale chombo kikipanda mwamba, nahodha huulizwa peke yake, hata kama alikuwa amelala na mwingine ndiye aliyeshika usukani. Nilimwambia hiyo si haki. Akasema, "Si haki. Lakini ndiyo inayomfanya asilale."

Pima za ramani ile zilikuwa futi sita sawasawa. Nanyi mnajua watu wa pwani wanavyopima kamba: unanyoosha mikono, toka ncha ya kidole hiki hadi ncha ya kidole kile, hiyo ni pima. Nahodha Bakari alikuwa mrefu, pima yake ilikaribia kabisa ile ya ofisa. Mimi ni mfupi. Nikinyoosha mikono sifiki futi tano na nusu. Ndiyo sababu alipigilia misumari miwili ya shaba kwenye sitaha ya Chaza, karibu na mlango wa mashine, umbali wa futi sita. Kila kamba mpya ililowekwa, ikavutwa, ikapimwa kwenye misumari. Alinionyesha mwezi wangu wa kwanza. "Mikono ni ya kulia chakula," akasema. "Kamba inapimwa hapa."

Kabla sijafika kwenye siku ya kosa langu niwaambie habari ya nyuki, maana ndiyo siku niliyojisikia mtu wa boti. Taa moja ya mlango wa Lindi ilizimika, na tulipofika tukakuta nyuki wamejenga ndani ya kibanda cha taa. Fundi mashine aliumwa mara mbili akarudi kwenye boti na kujifungia. Nahodha mwenyewe alisimama mbali, amejikunja ndani ya turubai. Mimi nilikulia kwenye mizinga ya baba. Nikaomba magunia makavu na makumbi ya nazi, nikapanda na moshi, taratibu, nikawatoa bila kuwachoma, nikaitengeneza taa. Nikashuka na masega kwenye ndoo. Nahodha akala kipande, akalamba vidole, akasema, "Bahari yote hii, na aliyetuokoa ni mkulima." Maneno hayo niliyabeba hadi nyumbani, nikamwambia mke wangu Somoe, naye akaniuliza kama asali nimeileta au nimeleta maneno tu.

Nilikaa kwenye Chaza na Nahodha Bakari miaka kumi na mmoja. Sasa nafika kwenye ile siku.

Tulikuwa tumeipandisha Chaza nchi kavu kwa matengenezo. Sitaha yote ilipakwa rangi mpya, na kwa siku tatu hapakuwa na ruhusa ya kuikanyaga. Kamba ya bildi ilikuwa imeoza, nikapewa kamba mpya ya katani niifunge alama. Misumari ilikuwa kule sitahani, chini ya rangi mbichi. Ningeweza kungoja. Ningeweza kwenda kwa seremala kuazima kipimo, karakana yake ilikuwa mbele tu. Lakini ilikuwa Alhamisi mchana, Somoe alikuwa na mimba ya miezi saba na nilitaka kuwahi basi la kwenda kumwona kwao Kitomanga. Nikasimama kivulini, nikanyoosha mikono, nikaipima kamba. Ngozi moja, ngozi mbili. Kitambaa chekundu kilikosekana, kwa hiyo nikatoa mfukoni kipande cha kanga kuukuu ya Somoe, nyekundu yenye madoa meusi, nilichokuwa nafungia sigara, nikakifunga pima ya tatu. Nilijiambia Jumatatu nitaifungua na kuipima upya kwenye misumari. Jumatatu tukashusha boti, pakawa na mambo mengi, nikasahau. Sikusahau kwa ubaya. Nilisahau tu, kama mtu anavyosahau sufuria mekoni.

Wiki iliyofuata tulitumwa kuweka boya kwenye mlango mwembamba ulio mbele ya Pande. Chaza ilikuwa imepakia mnyororo na jiwe la zege la kushikilia boya, imezama sana, inakula maji pima moja na nusu. Maji yalikuwa yanapwa, na palikuwa na mawimbi ya nyuma, si makubwa. Kanuni ya Nahodha ilikuwa hii: bildi ikiita mbili, mwendo wa kobe; ikiita chini ya mbili, simama na urudi nyuma. Watu wa Pande walikuwa ufukweni wakitutazama, kwa kuwa Nahodha ni mtu wa kwao, na binti yake Mwanahamisi alikuwa kati yao.

Nikaita tatu. Akarudia tatu. Nikaita mbili na nusu. Akarudia.

"Mbiliii!"

"Mbili," akasema Nahodha Bakari, na akapunguza mwendo.

Nikarusha tena. Ngozi mbili zilikuwa palepale, usawa wa maji. "Mbiliii!" "Mbili." Wimbi likatuinua, likatushusha, na Chaza ikakaa juu ya mwamba. Sauti yake ilikuwa kama mtu anayeburuta kabati la vyombo. Usukani ukavunjika, rafadha ya kusukuma boti ikapinda, maji yakaanza kuingia chumba cha mashine. Nahodha alijaribu kurudi nyuma mara mbili, kisha akazima mashine. Maji yalizidi kupwa. Baada ya saa moja boti ilikuwa imelala ubavu, mwamba wote uko wazi, na watu wa Pande wanakuja kwa miguu kututazama.

Hakuna aliyeumia. Nahodha aliwashusha wenzangu wote, akaniambia mimi nibaki. Sitaha imeinama, tumekaa tumeshikilia mlango. Alikwaruza rangi kwa kisu hadi misumari yote miwili ikaonekana. Akaniambia, "Lete kamba." Akaiweka ile risasi kwenye msumari wa kwanza, akaivuta kamba. Ngozi ya kwanza iliishia kabla ya msumari wa pili, pungufu shubiri moja na vidole vitatu. Alirudia kwa pima ya pili. Pungufu vilevile. Nilipokuwa naita mbili, palikuwa na moja na robo tatu isiyotimia.

Akaziangalia alama zangu. Kisha akauliza, "Somoe ana miezi mingapi?"

"Saba."

Akaizungusha kamba vizuri, akakata risasi, akaitia kamba kwenye mfuko wake wa safari. Akasema, "Ilinipasa kuipima mwenyewe kabla hatujatoka. Sikuipima."

Wakaja wakubwa watatu kutoka makao makuu. Tukaitwa mmojammoja, kisha wote pamoja. Nakumbuka chumba chenyewe, kalenda ya mwaka uliopita ukutani, feni inazunguka bila kutoa upepo.

"Mpiga bildi aliita nini?" akauliza mkubwa wao.

"Aliita mbili," akajibu Nahodha. "Aliita alichokiona. Mimi ndiye niliyesema twende."

"Kamba iko wapi?"

"Ilikwenda na maji."

Yule mkubwa akanigeukia. "Wewe, una la kuongeza?"

Nilimtazama Nahodha. Yeye alikuwa anaitazama ile feni.

"Sina," nikasema.

Ndivyo nilivyosema. Wakamnyang'anya cheti cha unahodha, wakampeleka ghalani kutunza rangi na kamba hadi umri wake wa kustaafu ulipofika. Mimi niliachwa kwenye boti. Mtoto akazaliwa, tukampa jina Riziki.

Miaka ile ya ghalani ilikuwa minne. Alipanga makopo ya rangi kama askari wa gwaride. Kila nilipokwenda kuchukua kamba aliniandikia kwenye daftari, akaniuliza bila kuinua macho, "Utaipimia wapi?"

"Kwenye misumari."

"Haya."

Hayo tu ndiyo mazungumzo tuliyowahi kuwa nayo juu ya jambo lile. Chaza ilitengenezwa, ikapata manahodha wengine wawili, na kila aliyetaka kung'oa misumari nilimkatalia. Rehema, ndiyo hiyo unayojikwaa.

Pande hawakumsahau. Aliporudi kuishi huko, Mzee Mfaume, mvuvi wa kutega samaki kwa madema ambaye ni rika lake, alimpa jina Nahodha Mwamba. Wakikutana njiani alimsalimu, "Nahodha Mwamba, leo umepanda mlima gani?" Watu wanacheka. Nilikuwapo siku moja. Nahodha Bakari alijibu, "Leo nimepumzika, bwana, mlima mmoja umenitosha," akacheka nao. Mwanahamisi alikuwa nyuma yetu na ndoo kichwani. Yeye hakucheka. Alikuwa na umri wa kuolewa wakati ule, na baadaye niliambiwa na Somoe kwamba upande wa mume, wakigombana, walimwambia hivyohivyo, kwamba ametoka katika ukoo wa kupanda miamba. Somoe alinitazama aliponieleza hayo. Alikuwa anajua. Ni yeye peke yake niliyemwambia. Hakunisukuma, ila tangu hapo kila nilipokwenda Pande na sukari na tende za Idi, nikirudi aliniuliza, "Umesema?" Nami nikasema, "Alikuwa na wageni." Alikuwa na wageni kila mwaka.

Mwaka huu, Jumapili jioni, Mwanahamisi akapiga simu. "Baba mdogo," akasema, "mzee ametutoka." Nilifika Pande Jumatatu wakati ameshaoshwa na kukafiniwa. Kabla ya kumpeleka makaburini shehe alisimama akauliza kama kawaida, "Enyi waumini, mnamjuaje marehemu huyu?" Sote tukaitika, "Mtu mwema." Na mimi nikaitika. Nyuma yangu nikasikia Mzee Mfaume anamnong'oneza jirani yake, "Mwema. Ila nchi kavu." Mtu mmoja akazuia kicheko. Nikaweka bega langu chini ya jeneza, tukaenda, nikatupa udongo wangu, nikarudi. Sikusema kitu. Naandika hivyo kwa sababu ndivyo ilivyokuwa.

Nilibaki hadi hitima ya siku ya tatu. Asubuhi ile wanaume walikuwa barazani wakisoma, nami nikazunguka nyuma ya nyumba kutafuta maji ya kutawadha. Kule nyuma pana banda la jiko, paa la makuti limeenea mpaka uani. Chini ya paa lile pametandwa kamba nguzo hadi nguzo, na Mwanahamisi alikuwa anaanika kanga za msiba. Aliniamkia, nikaitika, nikainama kwenye pipa. Nilipoinuka macho yangu yakaangukia kwenye kamba. Kati ya kanga mbili palining'inia kipande cha kitambaa kilichofifia, chekundu, chenye madoa meusi.

Nilikwenda nikasogeza kanga. Ngozi mbili zilikuwapo, zimekauka kama dagaa. Na ile moja ilikuwapo. Niliweka kidole kwenye ngozi ya kwanza, nikanyoosha mikono. Kidole cha mkono wa pili kilitua juu ya ngozi mbili, sawasawa, bila kupungua wala kuzidi.

"Baba mdogo," akasema Mwanahamisi, "unapima nini?"

"Kamba hii aliileta lini?"

"Aah, ya zamani. Alikuja nayo mwaka ule wa boti. Alisema tuianikie, lakini isikatwe wala isifunguliwe vitambaa. Nilidhani ni mambo yake tu." Kisha akaniangalia vizuri. "Mbona huiachii? Kaa hapa kwenye kinu."

Sikukaa. Nilimwambia nikiwa nimesimama. Nilimwambia rangi mbichi, basi la Kitomanga, mikono yangu, misumari, shubiri moja na vidole vitatu. Nilimwambia lile neno "sina". Alikuwa ameshika kanga mbichi na maji yalikuwa yanamtiririkia miguuni wakati wote huo.

Nilipomaliza hakulia wala hakunitukana. Aliiweka ile kanga kwenye beseni. Akaziondoa na nyingine, moja moja, hadi kamba ikabaki tupu. Mwanahamisi ni mrefu kama baba yake. Akaweka kidole chake kwenye ngozi ya kwanza, akanyoosha mikono, na mkono wake ukapita ngozi mbili, ukaenda mbele karibu shubiri nzima. Akaushusha. Akapima tena kwa pima ya tatu. Ukapita vilevile.

"Kweli," akasema.

Kisha akasema, "Mimi nilikuwa ufukweni siku ile. Nilikuwa nimewaambia wenzangu, njooni mumwone baba." Akaonyesha mbele ya nyumba kwa kidevu. "Wako barazani wote. Mzee Mfaume yuko. Nenda kawaambie, baba mdogo. Mimi nitasikia nikiwa hapahapa."

Nilirudi barazani. Nikangoja wamalize kusoma. Shehe alipouliza kama kuna mwenye neno kabla ya dua, nikasema, "Ninalo." Nikasema yote kwa mara ya pili, na safari hii ilikuwa ngumu zaidi, maana walikuwa wengi na hawakuwa na kanga za kushika. Nikasema pia kwamba Nahodha mwenyewe alikiri kwangu kuwa hakuipima kamba ile kabla ya safari. Sikutaka kumfanya malaika, angenikemea. Lakini kosa lilianzia mikononi mwangu, na yeye alilichukua akaenda nalo ghalani.

Mzee Mfaume akauliza, "Na kwa nini unasema leo, wakati hawezi tena kukusikia?"

"Niliogopa," nikasema.

Akanitazama, akaitazama mikono yangu, akauliza, "Hiyo mifupi hivyo ndiyo uliyopimia?"

"Ndiyo hii."

Akatikisa kichwa. Hakucheka, wala hakuna aliyecheka. Akasema kwa sauti ndogo, si kwangu, "Miaka yote ile nilikuwa namwita, naye anaitika." Shehe akasema, "Tumesikia. Tumwombee." Tukaomba dua, ukaletwa ubwabwa, tukala.

Kabla ya kuondoka nilikwenda nyuma kumuaga Mwanahamisi. Alikuwa anazirudisha kanga kambani. Nikamwomba kamba ile, nikamwambia nataka niwapelekee vijana wa boti wakaione, waiweke kwenye misumari wenyewe.

"Hapana, baba mdogo," akasema, akiwa na kibanio mdomoni. "Ya baba hii. Na nguo zangu bado mbichi."

Akakitoa kibanio, akakibana karibu na kile kitambaa chekundu, akainama kuchukua kanga nyingine. Nikamsaidia kuikamua, yeye ameshika upande wake, mimi wangu.